Nakshi Juu ya Mfuko wa Hewa

Magari ya watu wa Amu hayalali kwa wenyewe. Wenyewe wanalala kisiwani Lamu, magari yanalala Mokowe, ng'ambo bara, na katikati kuna maji. Ndiyo maana kazi yangu, ukiuacha ufundi wenyewe, ni kuweka funguo. Kwenye ukuta wa gereji yangu hapo Mokowe pana ubao wenye misumari, na kila msumari una ufunguo wa mtu ambaye hulijia gari lake mara moja kwa wiki, au kwa mwezi, akienda shambani kijijini Hindi au akimpeleka mgonjwa Malindi. Hawaulizi gari limelalaje. Wanachukua ufunguo, wanasema ahsante fundi, wanaondoka. Kwetu hiyo ni amana, na mtu anayeaminiwa amana husalimiwa kwa heshima akipita mtaani. Nilizipenda salamu hizo kupita kiasi. Nazitaja mapema kwa sababu ndizo zilizoniponza.

Gari linalokaa mahali pamoja kando ya bahari huharibika kwa njia mbili. Chumvi huingia kwenye soketi za nyaya zikaota ukungu wa kijani, na jua huipasua dashibodi mpaka ikafanana na ardhi ya kiangazi. Gari la Bi Nesi lilikuwa na yote mawili.

Bi Nesi si jina lake, lakini hakuna anayemwita vingine. Ni mkunga mstaafu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamrisha, na wanawake wa mtaa wetu wamejifungulia mikononi mwake, mke wangu akiwa mmojawapo, mara tatu. Ana kigari kidogo ambacho mumewe ndiye dereva na yeye ndiye mwenye amri. Siku moja alinijia gerejini akaniita nichungulie taa iliyokuwa ikiwaka mbele ya usukani. Ilikuwa picha ya mtu aliyekaa, ana duara mbele ya kifua.

"Fundi, huyu mtu alobeba tikiti ni nani? Ana mwezi mzima yuwanitazama."

Nilimweleza kwamba si tikiti. Ni mfuko wa hewa, ule unaofutuka gari likigonga, na taa ikiwaka maana yake mfuko umelala na hautaamka. Akaniambia basi muamshe.

Kazi ile niliifanya sawasawa, na naitaja kwa sababu ndiyo kazi ya mwisho katika hadithi hii ambayo sioni haya kuisema. Nilizima gari, nikachomoa waya wa betri, nikakaa kando dakika kadhaa, maana umeme wa mfuko hubaki ndani hata betri ikiondoka. Ndipo nikaingiza mkono chini ya kiti. Soketi ya manjano ilikuwa imeliwa na chumvi. Nikaisafisha, nikaifunga upya, nikarudisha betri. Mtu wa tikiti akazimika. Bi Nesi akaniombea dua ndefu, na mimi nikaitikia amina nikiwa nimejaa kama puto.

Ilibaki dashibodi. Hapo ndipo akili yangu ilipojifanya kubwa.

Baba yangu ni mchonga nakshi. Alichonga milango tangu ujana wake, lakini macho yameingia mtoto wa jicho na mikono haiwezi tena kuinua ubao wa mlango. Wateja walipungua mmoja mmoja, kwa adabu, bila mtu kumwambia kitu. Alikuwa akikaa dakani, pale kwenye kiti cha mawe mlangoni kwetu kisiwani, na patasi zake zimefungwa kitambaa kando yake, akisalimia wapita njia. Kumtazama kulinikera, na nilikuwa mkali kwake bila sababu. Niliitaka kazi ndogo inayoweza kukaa mapajani. Nilipoitazama ile dashibodi iliyopasuka upande wa abiria, nikaiona.

Nikampelekea kipimo. Akachonga ubao wa mbambakofi, mwembamba, mrefu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole. Katikati ua la majani manane, na chini yake Bismillahi. Aliuchonga kwa vidole zaidi ya macho, na ulikuwa mzuri, sitasema urongo. Nikaubandika kwa gundi na skrubu nne fupi, juu ya kile kifuniko laini kilichopasuka. Kifuniko cha nini? Cha mfuko wa hewa wa abiria. Nilijua. Lakini nilijua kama mtu anavyojua kwamba kuna mtaro chini ya barabara, akaendelea kupita.

Watu waliuona, wakautaka. Ndani ya mwaka nikawa nimebandika mbao nne nyingine, zote kazi ya baba, zote juu ya kifuniko hicho hicho, kwa sababu hapo ndipo mahali penye bapa na ndipo panapoonekana. Baba akarudi kuwa mtu mwenye kazi. Alikuwa akiniuliza kila jioni gari gani limekuja, la rangi gani, kana kwamba rangi ingebadilisha patasi yake.

Halafu nikaenda Mombasa kwa mafunzo ya siku mbili. Mkufunzi alikuwa mwanamke wa makamo asiyecheka ovyo. Alitufundisha kubeba mfuko uliotolewa garini, uso wake ukitazama mbali na kifua chako. Alitufundisha kuulaza juu ya meza uso ukitazama juu, kamwe tusiuinamie wala kuupima kwa mita ya kawaida ya umeme. Mengi niliyajua. Siku ya pili akatutoa uani. Aliulaza mfuko mmoja chini, juu yake akaweka kipande cha ubao cha upana wa kitabu, akaturudisha nyuma mbali, akaunganisha waya mrefu na betri. Ulipolipuka, ubao haukuruka. Ulitoweka. Tuliusikia ukigonga paa la stoo, na ulipoanguka ulikuwa vipande viwili.

Akauliza nani kati yetu amewahi kubandika kitu juu ya kifuniko cha mfuko. Mmoja akainua mkono, akasema yeye ni boksi la tishu tu. Darasa zima likacheka. Mimi nilicheka nao. Nilicheka kwa sauti, nikimtazama mwenzangu wa tishu kama mjinga, na mkono wangu nimeukalia.

Safari ya kurudi niliona kitu kimoja tu: uso wa Bi Nesi, na ua la majani manane likimjia. Tena mfuko ule haukuwa umelala. Nilikuwa nimeuamsha mwenyewe, kwa kazi nzuri.

Dawa yake ilikuwa ndogo. Nimwite, nimwambie nilikosea, nitoe ubao, niagize kifuniko na mfuko mpya. Maneno ya dakika mbili. Badala yake nilihesabu watakaosikia. Nilimwona baba dakani, mtu anamwambia kazi yako ni ya kuua watu. Niliziona salamu za asubuhi zikipungua. Nilijipa siku mbili, kisha wiki. Kisha nikapata hila, na nikaiita suluhisho.

Gari lilikuwa kwangu na ufunguo ulikuwa kwangu. Siku moja baada ya adhuhuri, uani hakuna mtu, nikachomoa betri, nikasubiri, nikakata waya za mfuko wa abiria. Nikajiambia hatari imekwisha, mfuko usiofutuka hauwezi kurusha ubao. Lakini nikiacha hivyo mtu wa tikiti angewaka tena na Bi Nesi angeuliza. Kwa hiyo nikaunganisha rezista ndogo mahali pa mfuko, kitu cha ukubwa wa punje ya mchele, ili gari lenyewe lidhani mfuko upo. Taa haikuwaka. Kwa wiki hiyo nikayafanya magari yote matano. Nilikuwa nimeziondoa kinga za watu na kuwawashia utulivu, na nililala usingizi mzuri. Hilo la usingizi ndilo linalonitia aibu kuliko mengine.

Haikupita miezi mingi. Mumewe alikuwa akiendesha kutoka Hindi, ng'ombe akakatisha barabara, akamkwepa na kugonga kisiki cha mkorosho. Hawakuwa wakikimbia sana. Mfuko wa usukani ulifutuka, mzee akatoka na mavumbi meupe kwenye ndevu, hana hata mkwaruzo. Bi Nesi alifunga mkanda, lakini kwa ufupi wake hukivuta kiti mbele kabisa. Paji lake la uso lilikwenda kwenye ubao. Alivunjika meno mawili ya mbele na kushonwa juu ya jicho.

Gari lilivutwa mpaka kwangu. Mfuko wa usukani ulikuwa umening'inia kama foronya. Upande wa pili ubao wa baba ulikuwa mahali pake, skrubu zote nne zimekaza, na damu imekauka ndani ya herufi.

Baba alipopata habari alitaka twende tukamzuru siku ile ile. Nilimshika mkono kupanda ngazi za nyumba yao. Bi Nesi alikuwa ameegemea mito, kitambaa kichwani, na chini ya kitambaa, juu ya nyusi, niliona alama mbili za mviringo kwenye ngozi iliyovimba. Yalikuwa majani ya lile ua. Nilitazama mkeka.

"Bwana," akamwambia baba, na ulimi wake ukipita kwenye pengo, "ubao wako umenivua na mauti. Kitwa kingepasuka kama si lile Bismillahi. Mume wangu alifunguliwa mfuko wa kizungu, mimi nilikingwa na ina la Mngu."

Baba alitoa leso akajifuta macho. Sikuwa nimemwona akilia tangu mama yangu azikwe. Hapo pia alikuwepo jirani yao, mwenye nyumba mbili za kupangisha, ambaye gari lake nalo hulala Mokowe. Akasema na yeye anautaka ubao kama huo, mkewe ndiye hukaa mbele. Baba akasema ataanza kesho, inshallah. Kisha akanigeukia na uso uliojaa furaha, akaniuliza kama kipimo cha gari la jirani ninacho.

Nikasema ninacho.

Nilifika nyumbani nikamfokea mke wangu kwa sababu ya chai. Usiku huo sikula. Bi Nesi alikuwa amekwishaumia, hilo lilikuwa limepita, lakini huyu mke wa jirani alikuwa bado ana meno yake yote, na baba alikuwa amekwisha kuchagua ubao wake. Asubuhi nilimsikia akiupiga patasi kabla sijaondoka. Badala ya kwenda kwenye boti nilipanda tena ngazi za Bi Nesi, peke yangu.

Nilimwambia yote nikiwa nimesimama. Ubao, Mombasa, mkono nilioukalia, rezista. Alinisikiliza kama alivyokuwa akiwasikiliza wanawake wa uchungu, bila kunikatiza. Nilipomaliza alijiinua kutoka kwenye mito.

"Kwa hivyo mfuko wangu ulikuwapo."

"Ulikuwapo, Bi."

"Nawe uliukata."

"Niliukata."

"Ukazima taa ili nisiyue."

Akagusa kitambaa chake kichwani, akakirekebisha bila sababu.

"Wangapi wangine?"

"Wanne."

"Ondoka mbele ya mato yangu," akasema. Hakupandisha sauti.

Nilidhani ndio mwisho wake na mimi. Kesho yake asubuhi nilimwona akishuka kwenye boti pale gatini Mokowe, ameshikwa mkono na nahodha, kitambaa kingali kichwani chini ya buibui. Alipita moja kwa moja mpaka gerejini, akavuta kiti cha plastiki, akakaa chini ya ubao wa funguo.

"Simu yako i wapi? Wapigie, mmoja mmoja. Weka sauti nisikie. Na useme kama ulivyonambia mimi, usijipunguzie."

Nikawapigia. Wa kwanza alinitukana mpaka simu yake ikaisha nguvu. Wa pili alidhani natania, ikabidi nirudie yote mara mbili, na kurudia kuliniumiza zaidi ya matusi. Wa tatu alikuwa mwalimu wangu wa chuoni, aliyenifundisha Kurani, na yeye alisema tu, "Mwanangu, ufunguo wangu uko wapi?" nikamwambia uko msumarini, akasema atatuma mtu. Wa nne aliuliza kama anaweza kuendesha gari hivyo hivyo mpaka mwisho wa mwezi. Bi Nesi akanipokonya simu. "Huniyui? Mimi ndiye niloumia," akamwambia. "Mke wako asikae mbele." Kisha nikampigia jirani, nikamwambia ubao wake hautakuja, na kwa nini.

Tangu siku hiyo misumari mingi imebaki mitupu. Magari manne nimeyang'oa mbao na rezista, na nimeagiza mifuko mipya na vifuniko vyake, si ya skrepa, maana ya skrepa hujui imelowa au imekwisha kulipuka wapi. Taa za matikiti zinawaka kwenye magari yote mpaka vifaa vifike, na mimi nimebandika karatasi kwenye kila kioo kwamba kiti cha mbele kisikaliwe. Watu hupita uani wakazisoma.

Bi Nesi hakuuchukua ufunguo wake. Alisema gari lenyewe halitembei, ufunguo ataufanyia nini. Alipoinuka kwenda kwenye boti akanitazama.

"Umebakisha mmoja."

"Bi, yule nitamuua."

"Hatakufa. Mimi sikufa."

Nilingoja siku mbili nyingine. Ndivyo nilivyo, naona afadhali msomaji anijue. Baba alikuwa anamalizia ubao wa jirani, na jirani, kwa ajili ya kumwonea huruma, alikuwa hajamwambia kitu. Alipita dakani kwetu akasalimia, akasifu kazi, akanitazama mimi. Siku ya tatu niliufungua ubao wa Bi Nesi kwenye gari lililogongwa, nikauviringisha kwenye gunia, nikavuka nao na boti ya alasiri. Baba alikuwa mahali pake, patasi mkononi, vumbi la mbao kwenye kikoi. Niliuweka ubao mapajani pake, juu ya ule mpya.

Aliujua kwa kuugusa. Kidole chake kilizunguka majani manane, kikapita kwenye tundu nne za skrubu, kikashuka kwenye herufi, kikasimama.

"Kuna nini humu?"

"Damu, baba. Ya Bi Nesi."

Nikamwambia. Nilikuwa nimewaeleza watu sita jambo lile, na kwake lilitoka vibaya kuliko kote, vipande vipande, nikianzia mwisho. Ilibidi nieleze mfuko wa hewa ni kitu gani. Ilibidi nieleze kwamba ubao haukumkinga, kwamba ndio uliompasua, na kwamba lau nisingeukata mfuko pengine ungemuua. Mpita njia alimtolea salamu, naye aliitikia kikamilifu kabla ya kunigeukia.

"Mimi mato yangu hayaoni," akasema. "Nilitonga kwa vidole. Yako yalikuwa wapi?"

Nikasema nilitaka apate kazi.

"Hukunambia kuna kitu tini yake."

"Sikukwambia."

Aliinamisha kichwa. Nilifikiri anatafuta neno la kunilaani, na ningelipokea. Lakini alisema polepole, kama mtu anayepima kwa uzi, "Yaani nilitonga ina la Mngu, nawe tini yake ukaweka urongo."

Kisha akaniomba maji. Nilileta ndoo na kata. Aliuondoa ubao wa jirani, akauweka chini, nao mpaka leo haujamalizwa. Ule wa Bi Nesi akauinamisha juu ya mtaro, akachukua brashi yake ndogo ya kufutia vumbi la nakshi, akaanza kuosha herufi moja moja, akizifuata kwa ukucha pale brashi isipofika. Maji yalikuwa yakimmwagikia miguuni. Nilinyoosha mkono nimshikie ubao. Akausukuma mkono wangu, si kwa nguvu, akaendelea. Nikabaki nimesimama na ndoo, nikimmiminia kila alipoinua kata, mpaka maji yaliyokuwa yakitoka kwenye ubao yakawa safi, na hata hapo hakuacha.